Shemeji Alipopimwa Hofu

Shemeji yangu alikuwa nyuma ya nyumba, katikati ya shuka alizoanika, anaongea na simu kwa sauti ya mtu anayepanga kuvunja duka.

"Kidogo," alikuwa anasema. "Wote tuseme kidogo. Akikuuliza usingizi, kidogo. Akikuuliza moyo kwenda mbio, kidogo. Mtu asijitie kimbelembele akataja zaidi. Na yule mwenzetu wa zamu ya jioni umwambie wewe, mimi haniamini."

Mimi nilikuwa bandani natafuta spana. Nikaganda vile vile nimeinama, mkono ndani ya boksi, maana ukishasikia maneno ya namna ile huwezi tena kutokea ukasema hamjambo. Akakata simu, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaingia ndani kwa mlango wa nyuma.

Huyu ni mke wa kaka yangu. Kaka anaendesha lori, na kipindi kile cha ugonjwa alikuwa amekwama mpakani. Malori yamejipanga mpaka hayaonekani mwisho, madereva wanapika chini ya matela. Nyumbani tukabaki watatu: Shemeji, Mama na mimi. Mama ana kifua. Siyo kile cha kukohoa ukanywa kitu cha moto kikapoa. Kikimbana anakaa kitandani ameshika ukingo kwa mikono miwili, anavuta hewa kama mtu anayevuta ndoo iliyonasa kisimani. Na anayejua la kufanya ni Shemeji peke yake. Anamkalisha, anamshikia kipulizio mdomoni, anamwambia taratibu, "Vuta, Mama. Shikilia. Achia." Mimi ninayejifanya mwanaume wa nyumba kazi yangu inakuwa kusimama mlangoni nikiuliza nisaidie nini.

Hospitali wanamuita Sista Chuma. Kabla ya uuguzi alikuwa fundi cherehani, na ukimuuliza tofauti anasema ni moja tu, kitambaa hakilii. Hilo jina la Chuma lilimpata siku mlevi mmoja alipochomoa kisu wodini. Wenzake walikimbia mpaka chooni. Yeye akamsogezea sahani ya chuma, akamwambia, "Weka hicho hapa kwanza, mkono wako unatoka damu, nikufunge." Mlevi akaweka. Baadaye akaomba radhi na akaomba na uji.

Sasa mtu wa namna hiyo ukimkuta ananong'ona kwenye shuka, utafikiria nini?

Mama alishafikiria zamani. Tangu ugonjwa uingie, Shemeji hakupita tena mlango wa mbele. Anazunguka nyuma, anavua sare bafuni, anailoweka kwenye maji ya moto yenye sabuni, anaoga mpaka nywele. Chakula anakula peke yake kwenye ngazi, sahani yake, kikombe chake, kijiko chake, na hakuna wa kuvigusa.

"Tangu lini sahani ikaumwa?" Mama aliniuliza.

"Mama, anakukinga wewe."

"Ananikinga au ananikimbia? Na hizo simu? Mwanamke wa kunong'ona ana mambo mawili. Ana deni au ana bwana."

"Mama jamani."

"Mimi sijasema anaye. Nimesema moja katika mawili."

Kesho yake asubuhi nikampeleka kazini kwa pikipiki yangu kama kawaida. Tulipofika karibu na geti la hospitali nikapunguza mwendo, nikamwambia, "Shemeji, jana nilikuwa bandani."

"Bandani unatafuta nini, wewe?"

"Spana."

"Na masikio ulikuwa umeyaacha ndani?"

"Nilikuwa nayo."

Akashuka, akavua kofia ya pikipiki, akanitazama kama anavyotazama mgonjwa anayesema dawa amekunywa. Halafu akanieleza pale pale ukutani, huku anaangalia nani anapita.

Ilikuwa hivi. Chuo fulani kilikuwa kimemleta mtafiti, kijana wa tai na barakoa mbili, aje kupima hofu ya wauguzi. Alipewa stoo ya maboksi ya dripu, akaweka meza na viti viwili, mnaingia mmoja mmoja. Anakusomea maswali. Unaogopa kufa kwa ugonjwa huu? Unapata usingizi? Mikono inatoka jasho ukisikia habari zake? Na kila swali lina majibu matano ya kuchagua: hapana, kidogo, kiasi, sana, mno. Anajumlisha, inatoka namba. Namba hiyo ndiyo hofu yako.

"Sasa tatizo liko wapi?" nikauliza. "Si useme tu?"

"Niseme kwa nani? Wanasema hakuna jina. Sawa. Lakini wanauliza umri, miaka ya kazi, wodi gani, una watoto au huna. Pale wodini mwenye miaka yangu ya kazi ni mimi peke yangu. Si bora waniambie nibandike na picha?"

Na maneno yalishaanza kuzunguka kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Aliyeyaleta ni rafiki yake, muuguzi mmoja mfupi, mkali, wanamuita Kibiriti. Kibiriti aliapa kuwa hospitali inatafuta watu wa kupeleka wodi ya nyuma, kule walikolazwa wa ugonjwa wenyewe. Atakayesema haogopi, huyo ndiye shujaa, anakwenda nyuma. Atakayesema anaogopa mno, ataambiwa hafai, apumzike nyumbani bila mshahara. Kote moto. Ndiyo wakakubaliana wodi nzima waseme kidogo. Kidogo haimpeleki mtu nyuma na haimrudishi mtu nyumbani.

"Na wewe unaogopa kupelekwa nyuma?" nikamuuliza. Nilikuwa namtania, nakumbuka yule wa kisu.

Hakucheka. "Wanaokwenda nyuma wanarudi majumbani kwao jioni, hakuna pa kulala hospitali. Wewe fikiria nirudi na ugonjwa. Sabuni yangu ile ya bafuni ishindwe siku moja tu. Yule mama atauvuta kwa kifua kipi?" Akanipa kofia yangu. "Ole wako umwambie."

Basi wakapimwa. Mmoja mmoja stooni, kidogo, kidogo, kidogo, wanatoka wanapeana macho kama watoto walioiba sukari.

Yule kijana alirudi baada ya siku chache, safari hii na Matroni, mkubwa wa wauguzi wote. Matroni aliwasimamisha kwenye chumba cha chai. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Wodi nzima joto moja?"

Hapo inabidi nikueleze, maana Shemeji aliponisimulia hiki kipande alijifunika uso kwa kanga. Wanafunzi wa uuguzi wana uvivu wao. Wakitumwa kupima joto wagonjwa wote, wanapima wawili, waliobaki wanawaandikia namba ile ile wakiwa wamekaa. Na muuguzi mzoefu hahitaji kuuliza. Akiona mgonjwa wa malaria, wa mguu uliovunjika na mzazi wa jana wote wana joto moja, anajua hapa hakuna aliyepimwa. Aliyekuwa anawakamata sana kwa hilo ni Sista Chuma mwenyewe. "Wodi nzima joto moja?" ni maneno yake, anawasemea wanafunzi mbele ya wagonjwa mpaka wanalia. Leo kaambiwa yeye, na wanafunzi wawili wapo pale na vikombe vyao wanasikia.

"Nilitamani sakafu ipasuke," aliniambia. "Tumedanganya kama watoto. Hata kudanganya kwenyewe hatukujua."

Ikabidi warudie. Na sasa kila mtu anamshuku mwenzake, maana mapatano yameshavunjika na hujui wa mbele yako amesema nini mle ndani. Kibiriti alitoka stooni ameuma midomo, hakumtazama mtu. Ikafika zamu ya Shemeji.

Nilimchukua jioni ile getini. Hakupanda pikipiki. Alisimama anasugua mikono kwa spiriti, anasugua tu.

"Ameanza na swali la watu wa nyumbani," akasema. "Unaogopa kuwaambukiza? Nikataka kusema kidogo, Shemeji, neno likagoma. Nikasema mno. Halafu nikashindwa kujizuia. Usingizi, mno. Moyo, mno. Kila anachouliza, mno. Kijana wa watu akaweka kalamu chini akaniuliza kama nataka maji."

"Ukamjibu?"

"Nikamuuliza haya yanakwenda kwa nani. Akasema yanakwenda chuoni, Matroni ataletewa jumla tu."

"Umemwamini?"

"Nimwamini kwa lipi? Kwa tai?"

Kuanzia hapo ikawa taabu. Akisikia viatu vya Matroni kwenye korido, anageukia kabati anajifanya anahesabu bandeji. Simu ya kazini ikilia, anaitazama mpaka inakatika. Alikuwa na hakika anaitwa kuambiwa apumzike. Nyumbani Mama naye kakazana: "Mwanangu, mwenzio amekonda. Mtu mwenye raha hakondi. Na mwenye bwana anakonda hivyo hivyo."

Alipoitwa, aliitwa kwa jingine. Matroni alitaja watatu wa kwenda wodi ya nyuma, na wa kwanza kutajwa ni yeye.

Kwa mara ya kwanza katika kazi yake Sista Chuma aliingia ofisi ya mkubwa bila kubisha hodi.

"Matroni, mimi nilisema naogopa mno. Ndiyo mnanipeleka?"

Matroni alimtazama juu ya miwani. "Ulimwambia nani?"

"Nilisema kule stooni."

"Kule hakuna jina, Sista. Mimi nimeletewa karatasi moja, inasema wauguzi wa hospitali hii wana hofu kubwa. Hilo nilikuwa nalijua. Hata mimi ninayo."

"Sasa mmenichagua kwa lipi?"

Matroni akanyanyuka, akatoa gwanda moja la kujikinga kwenye boksi, akalikunjua. Likashuka mpaka chini na pindo likabaki limelala sakafuni. "Yamekuja saizi moja tu, ya majitu. Mfupi akivaa anakanyaga pindo, anaanguka juu ya mgonjwa. Nimechagua warefu watatu. Basi."

Kweli Shemeji ni mrefu. Kwenye picha ya harusi Kaka amesimama juu ya tofali. Ukitazama vizuri unaliona. Lakini we niambie, nani angekubali maneno hayo? Watu wameitwa, wamekalishwa, wamepimwa usingizi na jasho la mikono, halafu kumbe waliochaguliwa wamechaguliwa kama nguzo za uzio. Shemeji alisimama pale anatafuta uongo kwenye macho ya Matroni, anasema hakuuona na bado hakuridhika.

Ikabidi aseme kwa mdomo wake. "Nina mama mkwe ana kifua. Naishi naye. Nikimpelekea ugonjwa huu, namzika mimi."

"Mbona siku zote hukuniambia?"

Mlangoni kukasikika, "Mimi nitakwenda." Kibiriti huyo. Alikuwa amesimama nje, na msimamo wake ulikuwa wa mtu aliyeanza kusikiliza muda.

"Wewe ukivaa hili unapotea," Matroni akamwambia.

"Nipeni plasta."

Shemeji akapiga magoti pale ofisini, akakunja pindo kwa ile mikono ya cherehani, akabana na plasta pande zote, mikono na miguu. Kibiriti akatembea mpaka dirishani akarudi, hakukanyaga. Matroni akamuuliza anaishi na nani. "Peke yangu. Sina mume, sina mtoto, hata paka amehama." Basi, ikapita.

Mimi niliposikia nilidhani tumepona. Nikamwambia Shemeji ashukuru Mungu. Yeye akakaa kwenye ngazi na sahani yake, anageuza chakula bila kula.

"Kibiriti huyu huyu," akasema, "haingii hata dukani kabla hajajua nani yuko ndani. Ndiye aliyetuambia tuseme kidogo. Leo amejitolea haraka vile, kwa nini?"

Mama akadakia dirishani, "Anataka cheo chako. Anajua utamwonea haya mpaka umwachie."

"Mama, kumbe unasikia?" nikamuuliza.

"Nina kifua kibovu, masikio mazima."

Siku yake ya mapumziko Shemeji akaniambia nitoe pikipiki. Miaka yote wamefanya kazi bega kwa bega, kwa Kibiriti hakuwahi kuingia. Tulimpata kwa kuulizauliza, kwenye nyumba ya vyumba vingi, chake cha mwisho, kina kibaraza chake. Tukasimama mbali. Kibiriti akafungua dirisha, barakoa usoni.

"Mmekuja kunipekua?" Hata salamu hakuna.

"Nimekuja kukujulia hali, mwenzangu."

"Hali si unaiona inaongea? Nendeni, leo nimepumzika, nataka kulala."

"Humo ndani uko peke yako?"

"Niko na wewe hapo unanipotezea usingizi."

Tukaaga. Nikawasha pikipiki. Tulipofika njia panda Shemeji akanigonga bega.

"Vile viatu vya kiume mlangoni umeviona?"

"Nimeviona. Mabachela wa kike wanaweka hivyo kutishia wezi."

"Vilikuwa na vumbi?"

Nikafikiria. "Havikuwa na vumbi. Vilikuwa na tope bichi."

"Geuza."

Safari hii hakusimama mbali. Alikwenda mpaka kwenye dirisha akagonga kioo. "Nani anavaa hivi viatu?"

Kibiriti akafungua tena dirisha, akasema, "Baba. Ndugu wameniletea mwezi uliopita. Kule alikokuwa hana wa kumpikia."

"Na ukasema uko peke yako!"

"Wewe ulisema una mama mwenye kifua. Baba kifua chake kizima. Ningesimama pale nishindane na wewe nani mzee wake ni mgonjwa zaidi?"

"Mzima leo! Umri wake je? Unarudi humo kila jioni, chumba kimoja!"

"Namlaza kule, nalala huku. Tumetenga kwa shuka."

"Shuka!" Shemeji akapiga makofi mara moja, vile wanavyopiga wanawake mtu akisema upuuzi. "Ungemwona mwanafunzi ametenga wagonjwa kwa shuka ungemfanya nini?"

Kibiriti akaanza kulia. Mimi nikaangalia gurudumu. Shemeji hakumbembeleza, hakumgusa, hangeweza kumgusa. Alisimama akafikiria, halafu akaanza kuongea kama anapanga vitanda. "Walioguswa na ugonjwa chumba kimoja. Wasioguswa chumba kingine. Si ndivyo tunavyofanya? Wewe baki hapa peke yako, iwe kweli sasa. Baba yako mwache kwanza akae siku zake kwenye chumba chetu cha uani, tuone kama hajapata kitu. Akitoka salama, anakaa na Mama. Wewe unabeba kule nyuma, mimi nabeba hawa wazee wawili."

"Mama mkwe wako atakubali?"

"Hatakubali. Mlete."

Mzee alikuja amekaa nyuma yangu kwenye pikipiki, barakoa mpaka machoni, ameshika begi lake kama mtu anayepelekwa kituoni. Njia nzima aliniuliza swali moja, amekosa nini. Kwenye chumba cha uani alikaa siku zake zote, Shemeji anampima joto asubuhi na jioni, na kila mara anaandika namba yake halisi. Hakupata kitu. Akatoka.

Mama alipomwona amekaa kibarazani kwetu aliniita jikoni.

"Sasa nimeelewa," akasema. "Kunong'ona kote kule, kumbe mlikuwa mnaniletea mwanaume."

"Mama, ni baba wa Kibiriti."

"Kila mwanaume ni baba wa mtu."

Mzee naye akanivuta pembeni. "Kijana, huyu mama mwenye nyumba anakohoa hivi tangu lini? Niambie ukweli, mimi ni mtu mzima."

Wakawekwa kila mmoja mwisho wake wa kibaraza, kila mmoja na barakoa yake, wanatazamana kutwa kama makipa wa timu mbili. Mzee akisogeza kiti kwenda kivulini, Mama anasogeza chake kurudi nyuma.

Kibiriti yuko wodi ya nyuma bado. Anapiga simu kila jioni, Shemeji anaongea naye hapo hapo uani, kwa sauti, wote tunasikia. Jana alipomaliza alikaa kwenye ngazi na sahani yake. Nilipotoka kumchukulia maji nikamkuta ameegemea ukuta, mdomo wazi, kijiko mkononi, amelala. Nilikuwa sijamwona amelala tangu siku ile ya simu kwenye shuka.

Nikataka kumwamsha aende kitandani.

"Mwache," Mama akasema kwa sauti ya chini kutoka kwenye kiti chake. Akamtazama mkwewe muda mrefu. Kisha akanionyesha kwa kidevu upande wa pili wa kibaraza. "Wewe muangalie huyo. Tangu mchana amesogea kiasi cha tofali mbili, anadhani sijaona."